Kifungo kwa Herufi Ndogo

Mwanangu alipata jina la Kifungo akiwa na miezi kumi na moja, siku aliyomeza kifungo cha shati la mteja. Mimi nilikuwa nashona, yeye anatambaa chini ya meza. Nilipoinama nikaona mdomo unamung'unya, na kwenye shati kifungo cha nne hakipo. Hospitali walisema kitatoka chenyewe. Tulikingoja siku mbili: mimi, baba yake, na mwenzangu wa cherehani ya pili ambaye kwa ulimi wake tulimwita Sindano. Kilipotoka nilikiosha, nikakichemsha, nikakirudisha mahali pake. Mteja alilivaa shati lile miaka na miaka akiusifia mkono wangu. Mpaka leo hajui.

Baada ya hapo nani tena angemwita kwa jina la kwenye cheti? Kifungo, njoo ule. Kifungo, shuka hapo utaanguka. Nami nikawa Mama Kifungo. Baba yake alipoondoka, watu wakaanza kuniuliza yuko wapi, nikawa na jibu tayari: "Mwenzangu aliachiwa kwa dhamana, mimi ndiye niliyepata kifungo cha maisha." Wanacheka, wanalipa pindo la suruali, wanakwenda zao. Mtu akicheka hachunguzi. Hilo nililijua mapema, na kwa muda mrefu lilinifaa.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa. Hakuondoka kwa ugomvi. Aliondoka kwa safari, safari ikazaa safari, na mtoto alipotimiza mwaka mmoja na nusu nikaacha kumwekea baba yake chakula. Alirudi Kifungo ana miaka tisa. Amenenepa, ameacha masafa, anaendesha basi la shule, ameoa mwalimu, wana nyumba yenye chumba kimoja cha ziada. Mwanamume akipata chumba cha ziada hukumbuka mengi.

Alinikuta kwenye cherehani, akasimama mlangoni kama mteja aliyesahau stakabadhi.

"Mama Kifungo, nataka kumlea mwanangu."

"Mlee. Nani kakuzuia? Anza na leo, kuna ndoo ya nguo za kufua huko nyuma."

"Sikutanii."

"Mimi ndiye nakutania. Wewe endelea tu na lako."

Akaondoka ameinamisha kichwa. Sindano akaacha kushona. "Yule hakuja kusalimia yule," akasema. "Yule amekuja kupima."

Baada ya wiki mbili ikaja karatasi ya mahakama.

Baada ya karatasi akaja afisa ustawi wa jamii, mwanamke mpole mwenye begi kubwa kuliko yeye. Alikagua chumba chetu: kitanda kimoja, pazia katikati, meza ambayo Kifungo anafanyia hesabu upande mmoja na mimi nakatia vitambaa upande wa pili. Akauliza mtoto analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, nani anambeba akiumwa. Nikamjibu yote. Alipofunga daftari ndipo akasema, kama mtu anayeaga, kwamba ameshaandika barua vituo vya polisi.

"Polisi? Kwani tumeibiana?"

"Ni utaratibu tu, mama. Kesi ya mtoto, tunaandikia vituo vya karibu na pande zote mbili, watuambie kama kuna lolote kitabuni. Si lazima liwe kosa."

"Kama si kosa, mnalitafutia nini?"

"Hapa hatutafuti kosa. Tunatafuta maslahi ya mtoto."

"Maslahi mimi nilijua ni ya wafanyakazi."

Akatabasamu nusu, akafungua tena daftari, akaandika kitu. Nikabaki najiuliza ameandika nini, kwani sikuwa nimesema kitu.

Majibu ya vituo yalirudi. La upande wa baba lilikuwa mstari mmoja: hakuna kumbukumbu yoyote. La upande wangu lilikuwa nusu ukurasa, limegongwa muhuri mara mbili. Nilipoyaona yamelala sambamba mezani, mstari mmoja na nusu ukurasa, nilielewa kwamba hesabu imeshaharibika. Maana asiyekuwepo haandikwi popote. Mtu aliye mbali na mtoto hawezi kumpoteza sokoni.

Mimi nilimpoteza. Kifungo alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nampima mteja kiuno, na mteja mwenyewe kiuno chake kilihitaji kuzungukwa mara mbili. Nilipomaliza, mtoto hayupo. Nilizunguka soko lote na futi yangu shingoni, nikiwauliza watu kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Mtu mmoja mwenye roho nzuri alikuwa amemwokota karibu na stendi, akampeleka kituoni. Nilipofika kaunta nilimkuta amekalishwa juu, miguu inaning'inia, kofia ya askari imemfunika mpaka puani, anakula biskuti. Na mimi nikiishiwa nguvu, mdomo ndio unaoshika zamu.

*

Mahakama ya watoto haina kizimba. Ni chumba kama ofisi, meza ndefu, viti visivyofanana, na pembeni sanduku la midoli ambamo hakuna mdoli mwenye mikono miwili. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba. Baba Kifungo alikaa na wakili kijana, tai yake nyekundu imefika chini ya mkanda, nami nikampa jina la Tai palepale. Mimi sikuwa na wakili. Nilikuwa na mdomo.

Tai akasimama, akasoma nakala ya kitabu cha matukio, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya kaburi:

"Saa tano na dakika kumi asubuhi. Amefika mama wa mtoto wa kike, umri miaka minne, aliyeokotwa stendi. Mama amemtambua mtoto. Mama ameeleza kuwa amechoka, kwamba mtoto huyu ni kifungo cha maisha na hajui atakimaliza lini. Ameomba polisi wakae naye. Mtoto amekabidhiwa kwa mama."

Akaketi. Maneno yangu yalikuwa yale yale, hata moja halikuzidi. Nikayasikia kama ya mwanamke mwingine, mwanamke ambaye hata mimi nisingempa paka wangu amlee.

"Mama," hakimu akasema, "ulisema maneno haya?"

"Niliyasema, mheshimiwa. Ila sikuyasema hivyo."

"Uliyasemaje?"

"Kwa kucheka."

Tai akanyanyuka nusu. "Mheshimiwa, kumbukumbu haionyeshi kicheko."

"Na hicho kifungo ni jina, mheshimiwa. Ndivyo tunavyomwita mtoto. Huyo aliyeandika ameweka herufi ndogo."

Hakimu akaisogeza nakala karibu na miwani, akaitazama herufi ile. Ilikuwa ndogo kweli, imejikunja kama inaona haya. Akasema kumbukumbu ya polisi ni kumbukumbu ya polisi. Kama nina shaka nayo, nimlete aliyeiandika. Akanipa wiki tatu.

Nje, kwenye korido, nikamfuata baba Kifungo kabla hajaifikia ngazi.

"Wewe si ulikuwepo siku ya kile kifungo? Si ulikaa na mimi siku mbili tunachungulia nepi?"

Akatazama viatu vyake. "Wakili aliniambia nisijibu nisichoulizwa."

"Basi mimi nakuuliza."

"Wewe si hakimu, Mama Kifungo," akasema, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka kuwa na makosa, sasa amepata mahali pa kupumzikia.

*

Aliyeandika alikuwa koplo. Kituoni wakaniambia amestaafu, anachonga funguo karibu na duka la mbao. Nikamkuta kwenye kibanda cha mabati, amevaa miwani ya kukuza, vumbi la shaba limemjaa kwenye nyusi.

"Afande, shikamoo. Zamani ulikuwa unafunga watu, sasa unafungua. Ndiyo kutubu huko?"

Akainua kichwa, akanikazia macho, kisha uso wote ukafunguka. "Marahaba. Mama Kifungo. Wewe bado upo na hilo domo lako?"

"Nipo nalo. Ndilo limeniletea kesi."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anaugeuza ufunguo mmoja mkononi. Nilipofika penye herufi ndogo akajipiga kipaji cha uso.

"Mimi niliandika ulichosema, dada. Tulifundishwa hivyo, andika anachosema mtu, usiongeze lako."

"Mbona hukuandika kwamba nilikuwa nacheka? Mlicheka wote pale kaunta. Yule mwenzako mnene alishika ukuta."

"Kitabu kile kina safu ya saa, safu ya jina, safu ya maelezo na safu ya sahihi. Cha kucheka ningekiweka wapi?"

"Na herufi kubwa je? Nayo haina safu?"

"Hapo nimekosa," akasema. "Nilidhani unalalamika."

Sikumlaumu. Nilimwomba aje aseme tu alivyoona, basi. Akasema atakuja, na suti atavaa, ile ya kustaafia. Niliondoka pale mwepesi kama niliyetua mzigo. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi chumba kitakavyocheka. Sindano peke yake ndiye aliyeniharibia chai jioni ile.

"Unamleta mtu aseme alivyoona," akasema. "Yote aliyoyaona?"

"Aliona nini zaidi?"

Akanitazama, akakata uzi kwa meno. "Mimi sisemi. Mimi nilikuwa huku."

Nikamwambia asinichome, sindano ni ya kwenye nguo. Tukacheka kidogo, tukaendelea na kazi.

*

Koplo alikuja na suti. Ilikuwa ya rangi ya majivu, imembana mabegani, na mimi kama fundi niliumia kuitazama. Akaapa, akaketi wima, mikono magotini. Hakimu akaniambia nimuulize.

"Afande, siku ile nilikwambia mtoto anaitwa nani?"

"Kifungo."

"Na nikasema ni kifungo changu cha nini?"

"Cha maisha." Akakohoa. "Mheshimiwa, yule mama alituchekesha mpaka mahabusu walicheka huko ndani. Ni jina la mtoto. Mimi ndiye niliyeandika kwa herufi ndogo. Kosa ni la kalamu yangu."

"Jina hilo alilipataje?" hakimu akauliza, nami nikalisimulia, shati na yote, mpaka mteja aliyesifia mkono wangu. Karani alikuwa wa kwanza kucheka. Hakimu akavua miwani akajifuta macho. Hata Tai aling'ata mdomo. Nikamtazama baba Kifungo. Naye alikuwa anacheka, kichwa chini, mabega yanatikisika, na kwa dakika ile tukawa tena watu wawili wanaongoja kifungo kitoke. Nikasema moyoni, yamekwisha haya. Nimeshinda.

Ningeketi pale. Mtu mwenye akili angeketi. Lakini kicheko kikishafika ndani ya chumba mimi huwa sijui kukiacha kipoe.

"Na mtoto mwenyewe, afande? Alionekana ni mtoto asiyependwa?"

"Huyo?" Koplo akamgeukia hakimu, uso umejaa upendo wa kweli, hakuna anayeweza kuuigiza. "Mheshimiwa, mtoto yule alikuwa safi, amesukwa, anaongea na kila mtu. Tulimpa biskuti, tukampa kofia, akalala kwenye koti langu. Tulimpenda. Hata mama yake aliporudi saa kumi, mtoto hakutaka kuondoka."

Akatabasamu. Alidhani amenijengea nyumba.

Tai hakuharakisha. Alinyoosha tai yake kwanza.

"Aliporudi," akasema. "Shahidi, umesema aliporudi. Alikuwa amekwenda wapi?"

Niliona koplo anavyolielewa neno lake mwenyewe. Lilimfikia pole pole, likaanzia machoni, likashuka. Akanitazama. Polisi wa miaka thelathini kazini, na alikuwa ameapa.

"Sijui," akasema. "Alisema tukae naye. Tukacheka. Akatoka."

"Saa ngapi?"

"Kama saa tano na robo."

"Akarudi saa kumi. Kitabu hakionyeshi."

"Kitabu hakionyeshi," koplo akakubali. "Sikutaka kumwandikia mtu jambo ambalo... Mtoto alikuwa salama. Niliona haina haja."

Kwa hiyo kile kitabu, nilichokihesabu adui, ndicho kilichokuwa kimenifichia siri. Miaka mitano kimeinyamazia. Mimi ndiye niliyekwenda mpaka kwenye kibanda cha mabati kumfuata mwenye ufunguo.

"Mama," hakimu akasema. Miwani imerudi machoni. "Hayo masaa matano ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na majibu. Nilikwenda kumtafutia wakili. Nilikwenda kuomba rufaa ya kifungo. Yalikuja yote mdomoni yamepangana, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikayameza.

"Nililala," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

*

Niandike hapa ambayo pale sikuyasema yote.

Wiki ile tulikuwa na sare za shule, mia na ishirini, na Kifungo alikuwa na homa. Mchana nashona, usiku namkanda maji. Homa ilipotoka kwake nguvu zikamrudia zote kwa pamoja, hakukaa chini. Mimi nilikuwa sijalala siku nne. Siku ile, nilipomwona juu ya kaunta, mzima, ana kofia, ana biskuti, watu wazima watano wamemzunguka wanamchekea, kitu kilifunguka kifuani. Nikasema utani wangu. Wakacheka. Nikasema tena, "Nimechoka jamani, kaeni naye nyie kidogo," wakacheka zaidi, na yule mnene akasema, "Nenda mama, huyu tumeshamwajiri." Wao walidhani natania. Mimi pia nilidhani natania, mpaka nilipojikuta barabarani.

Nilikusudia kushona. Sindano akaniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko polisi, amepewa cheo. Nikajiegemeza kwenye rundo la sare nipumzishe mgongo dakika mbili. Sindano hakuniamsha. Aliniambia baadaye kwamba alinyoosha mkono mara mbili, akaurudisha.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa mlango. Nilikuwa nimelala vizuri. Nilijinyoosha. Nilitazama dari, nikasikia mwili wangu wote ni wangu, mwepesi, hauna mtu. Na kwa muda, sijui ni pumzi ngapi, sikuwa na mtoto. Si kwamba nilimsahau mahali. Sikuwa naye kabisa, hajawahi kuzaliwa, na nilikuwa nimefurahi. Kisha nikaona pembeni ya mto wa sare kiatu chake kimoja.

Nilikimbia mpaka kituoni. Nilipofika nikapunguza mwendo, nikajipangusa uso, nikaingia na mzaha mwingine. Huo nao wakaucheka.

*

Uamuzi ulisomwa baada ya siku kumi na nne. Hakimu hakunitukana. Alisema jina la mtoto limeelezwa, na mahakama hailipi neno lile uzito wowote. Alisema mama aliyechoka si mhalifu. Alisema mtoto amezungumza naye faraghani na anampenda mama yake sana. Nilikuwa nimeanza kupumua.

"Lakini," akasoma, "mama huyu, kila anapoulizwa jambo zito, hujibu kwa mzaha. Mahakama imemsikiliza mara mbili na bado haina njia ya kujua ni wakati gani anasema kweli. Mtoto naye hatakuwa na njia hiyo."

Mtoto atakaa kwa baba. Kwangu atakuja Jumamosi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo.

Nilitaka kusema kwamba mtoto anajua. Kifungo amejua tangu akiwa na miaka miwili ni wakati gani natania na ni wakati gani namaanisha. Hutazama mikono yangu, si mdomo. Lakini hilo ningelithibitishaje, na kwa kitabu gani?

Koplo alikuwa ananingoja nje, suti yake imeloa kwapani. Mzee mzima, machozi yanamtoka hadharani.

"Nimekuharibia, dada."

"Umesema kweli, afande. Mwenye kusema kweli haharibu."

"Ningesema sikumbuki."

"Na umeapa? Halafu nani angekuletea funguo za kuchonga, mwongo wewe?" Nikamfuta vumbi begani, japo hapakuwa na vumbi. "Hiyo suti niletee nikuachie mabega. Inakunyonga."

Alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi niliweza kimoja tu kati ya hivyo viwili, na ndicho nilichokuwa nikikiweza siku zote. Sindano alinishika mkono tukatembea. Hakunichoma hata kidogo njia nzima, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

*

Baba yake alikuja Jumamosi saa tatu asubuhi, na gari la kuazima, siyo basi. Mkewe hakuja, nilimshukuru kwa hilo. Nilikuwa nimepanga nguo zote kitandani. Nguo za Kifungo nimezishona mimi, zote zina pindo refu ndani ili akikua tunashusha, na sasa nikaona kwamba hakuna anayejua hivyo ila mimi.

"Hii usije ukaitupa ikimfupia," nikamwambia baba yake. "Unaifumua hapa. Uzi ni mmoja, ukiupata mwisho wake unavuta wote. Kisha unapiga pasi mstari upotee."

"Nitakumbuka."

"Hii ina pindo la vidole viwili. Hii ya shule ina vidole vitatu, itamfikisha miaka kumi na moja."

Alishika sketi ile kwa mikono miwili, akalitazama pindo lake kwa ndani, lile tabaka la kitambaa ambacho bado hakijaona jua.

"Mama Kifungo. Mimi siku ile ya kwanza ningesema. Kuhusu jina."

"Ungesema," nikamjibu. Alingoja utani, ukawa haupo, akachukua begi akatoka.

Kifungo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu tayari. Tangu hukumu alikuwa amenyamaza, si kwa hasira, kama mtu anayebeba maji kwenye sinia.

"Yule hakimu aliniuliza kama naikumbuka siku ya polisi," akasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nakumbuka biskuti. Na koti lilikuwa linanuka sabuni." Akavuta sikio lake, ndivyo anavyofanya akifikiri. "Baba anasema ulikwenda kulala. Nikamwambia mama yangu anatania, hawezi. Ni kweli?"

Mikono yangu ilikuwa juu ya kitanda, ananitazama mikono. Sikuisogeza.

"Ni kweli."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu."

"Umenichoka mimi?"

Nilivuta pumzi. "Siku ile, kidogo. Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya hesabu ikikubali. Hakulia. Ningemshukuru kama angelia.

"Ungenichukua tu," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimechoka. Tungelala wote."

Alishuka kitandani, akashika mkono wangu, tukatoka hadi kwenye gari. Akapanda nyuma mwenyewe, akajifunga mkanda, akaweka mikono mapajani. Nilitaka kusema kitu. Nilijitafuta ndani kote, kwenye kila pembe ambako huwa naweka maneno, na pembe zote zilikuwa zimefagiliwa. Yeye akawa anatazama mbele.

Gari likawashwa. Halikuondoka. Baada ya kitambo baba yake akageuza shingo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Kifungo. Mlango."

Nilikuwa bado nimeushika. Nikauachia.